Baiskeli ya mbio ya kwendea kazini: ninunue au niache?

SWALI

Fundi, habari za kazi.

Nimechoshwa na foleni. Kutoka nyumbani hadi ofisini ni kilomita 11, na kwa basi natumia karibu saa nzima. Nimeamua kwenda kwa baiskeli, ila kwenye kuchagua nimekwama.

Njia yenyewe iko hivi: kilomita 8 za mwanzo ni lami nzuri, kilomita 2 ni lami iliyochimbika yenye mashimo na matuta, na kilomita 1 ya mwisho ni changarawe. Jioni wakati wa kurudi kuna kipande cha kupanda mlima cha karibu mita 800, mkali kiasi. Nina urefu wa sentimita 172 na uzito wa kilo 84. Kila siku nabeba kompyuta mpakato, nguo za kubadilisha na chakula cha mchana, jumla kilo 6. Baiskeli itashinda nje ya ofisi, mahali watu wanapopita.

Nimeonyeshwa baiskeli mbili zenye bei inayokaribiana. Ya kwanza ni ya mbio, imetumika: fremu ya alumini namba 58, foko (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya kaboni, tairi za milimita 25, breki za kubana rimu, gia za mbele meno 53 na 39, za nyuma kuanzia 11 hadi 25. Ina kilo 9. Ya pili ni mpya, ina usukani mnyoofu, tairi za milimita 38, breki za diski, mbele meno 46 na 30, nyuma 11 hadi 34, na uzito wake ni kilo 13.

Muuzaji wa ile ya mbio anasema nitafika kwa nusu ya muda wa hiyo nyingine, na kwamba nikitaka tairi pana nitabadilisha tu. Mwenzangu kazini anasema baiskeli za mbio zinaharibu mgongo. Moyo wangu uko kwenye ile ya kwanza. Je, ninunue? Na kama siyo, nitafute yenye sifa gani?

Ni mimi, niliye njia panda.

JIBU

Ndugu yangu, hiyo ya kwanza iache. Si kwamba baiskeli za mbio hazifai kwendea kazini. Zinafaa, na wapo wanaozitumia mwaka mzima bila tatizo. Hiyo uliyoonyeshwa ndiyo isiyokufaa wewe, kwa mambo matatu ambayo fundi hawezi kuyaondoa kwa gharama inayoingia akilini: ukubwa wa fremu, nafasi ya tairi, na gia ya kupandia mlima. Nitayaeleza kwa kirefu, maana ndiyo hayo hayo utakayoyakagua kwenye baiskeli nyingine yoyote.

Tuanze na ahadi ya muuzaji. Kwenye tambarare, kwa nguvu ileile ya miguu, usukani wa kupinda chini unaweza kukuongezea kilomita 2 au 3 kwa saa, kwa sababu mwili unainama na kifua hakikabiliani moja kwa moja na upepo. Ukienda kwa wastani wa kilomita 18 kwa saa, kilomita 11 zako zitachukua karibu dakika 37. Ukienda 21, ni dakika 31 na nusu. Hizo dakika 5 ndizo nyingi kabisa unazoweza kuokoa, tena ukiwa unakwenda bila kusimama. Kila taa ya barabarani, kila tuta na kile kipande cha mashimo vinazipunguza, kwa kuwa hapo baiskeli zote mbili zinakwenda mwendo mmoja. Kupunguza muda kwa nusu maana yake ni kwenda mwendo mara mbili, na nguvu ya kupambana na upepo peke yake ingepanda mara nane. Hakuna baiskeli inayompa mtu nguvu hizo. Na zile kilo 4 za tofauti? Wewe, mzigo na baiskeli kwa pamoja mnafikia kama kilo 100, kwa hiyo ni sehemu 4 kati ya 100. Kwenye mlima wako ni sekunde 15 hadi 20.

Sasa fremu. Kwa urefu wa sentimita 172, fremu nyingi za mbio zinazokaa vizuri ni namba 52 hadi 54. Namba 58 hutengenezwa kwa mtu wa sentimita 183 na kuendelea. Tatizo kubwa haliko kwenye urefu wa kiti, kwa sababu kiti kinashushwa. Liko kwenye bomba la juu, ambalo kwenye 58 huzidi la 54 kwa sentimita 3 hadi 4. Mikono inanyooka kabisa, viwiko vinakaza, uzito unamwagikia viganjani, na shingo inabidi ikunjwe nyuma ili macho yaone barabara. Wengi hujaribu kurekebisha kwa kufunga shingo fupi ya usukani, yaani kile kipande kinachoushikilia usukani, na kusogeza kiti mbele. Shingo ikipungua kwa zaidi ya sentimita 2, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, unayumba hasa unaposhuka kwa kasi. Kiti kikisogezwa mbele mno, goti linapita mbele ya pedali na uzito unazidi kwenda mikononi, yaani unarudi palepale ulipotaka kutoka.

Hapo ndipo maneno ya mwenzako yana ukweli nusu. Kinachoumiza mgongo ni fremu isiyo saizi yako na usukani ulio chini sana kuliko kiti. Mtu asiyezoea aanze na usukani ulio sawa na kiti au chini yake kwa sentimita 3 tu. Kwenye baiskeli za mashindano tofauti hiyo huweza kufika sentimita 8 au zaidi, na huyo aliyeinama hivyo amezoeza kiuno chake kwa muda mrefu.

Jipime kabla hujaenda dukani. Vua viatu, simama umeegemea ukuta, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu ukikivuta juu mpaka kiguse mfupa kama vile umekalia kiti, kisha mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Jibu ni umbali wa kuanzia kutoka katikati ya ekseli ya krenki (mikono inayoshika pedali) hadi juu ya kiti. Ukipata sentimita 80, kiti chako kianzie karibu sentimita 70.6, halafu utapandisha au kushusha kidogo kidogo kadiri goti litakavyokuambia: likiuma kwa mbele kiti kiko chini, likiuma kwa nyuma kiko juu. Na ukisimama ukiwa umeipitisha baiskeli katikati ya miguu, lazima kubaki walau sentimita 2 hadi 5 kati yako na bomba la juu. Kwenye ile 58, kama bomba lake limelala sawa na ardhi, huenda usipate hata moja.

Jambo la pili ni tairi, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna tairi iliyofungwa, na kuna tairi pana kabisa ambayo fremu inaweza kuipokea. Tairi inabadilishwa kwa dakika kumi. Fremu haibadiliki. Baiskeli nyingi za mbio zenye breki za kubana rimu ziliundwa kwa tairi za 23 au 25, na mkono wa breki unapita juu ya tairi kwa milimita chache tu. Ukilazimisha 28 baadhi yake zinagusa, na 32 ni ndoto. Muuzaji aliposema utabadilisha tu, alitakiwa akuonyeshe palipobaki nafasi.

Wewe mwenyewe unaweza kupima pale pale. Chukua ufunguo wa alen wa milimita 4 na uupitishe kati ya tairi na fremu: pembeni kushoto na kulia nyuma ya krenki, pembeni karibu na breki ya nyuma, kisha juu ya tairi chini ya breki, nyuma na mbele kwenye foko. Ukikwama hata mahali pamoja, tairi hiyo tayari imefika mwisho wake. Huo mwanya ni wa lazima: rimu ikipinda kidogo au tope na kokoto vikinasa, tairi itaanza kusaga fremu, na kwenye kaboni msuguano huo unakula ukuta wa bomba. Ukitaka na madigadi, nawe utayahitaji, juu ya tairi pawe na nafasi ya kuingiza kidole cha mtu mzima, karibu milimita 15.

Kwa nini nasisitiza upana? Kwa sababu ya zile kilomita 3 za mashimo na changarawe, na uzito wako pamoja na mzigo. Tairi ya 25 iliyobeba jumla ya kilo 100 inataka takriban psi 100 nyuma (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo ndani ya tairi). Kwa upepo huo kila mtikisiko unafika kwenye kiti, kwenye viganja na kwenye kompyuta yako. Ukipunguza hadi 70 upate raha, tairi inabonyea mpaka rimu inagonga ukingo wa shimo na kuibana tyubu katikati. Utajua kwa pancha yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, kila moja upande wake, kama alama ya meno ya nyoka. Pancha ya msumari huwa na tundu moja. Tairi ya 38 inabeba uzito huo huo kwa psi 50 hivi nyuma na 45 mbele, kwa sababu ina hewa nyingi zaidi ndani, na rimu inabaki mbali na ardhi.

Imani kwamba tairi nyembamba ndiyo yenye kasi imewachelewesha wengi. Kwa upepo sawa, tairi pana inabingirika kwa urahisi zaidi kwa sababu inabonyea kidogo kwa urefu. Kwenye lami mbovu tairi ngumu inapoteza nguvu kwa kukurusha juu badala ya kukupeleka mbele. Kinachopunguza mwendo wa tairi pana ni mpira mzito na mikato mikubwa ya shambani, kwa hiyo chagua ya 32 hadi 38 yenye uso laini na utepe wa kuzuia miiba ndani yake. Ile namba kubwa ya psi iliyochapwa ubavuni ni kikomo usichotakiwa kukivuka. Usiichukulie kuwa ndiyo kipimo cha kila siku. Anza chini yake, na mbele weka pungufu ya nyuma kwa sehemu moja ya kumi, kwa kuwa gurudumu la nyuma ndilo linalobeba zaidi.

Bado tuko kwenye magurudumu. Hesabu spoku. Magurudumu ya mbio mara nyingi yana 20 hadi 24, na kwa mtu wa kilo 84 mwenye mzigo anayepita kwenye mashimo, zitaanza kukatika nyuma, pale kwenye kiwiko chake ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Spoku haikatiki kwa kishindo cha shimo moja. Inachoka: kila inapofika chini inalegea, ikipanda inakaza, maelfu ya mara kwa kila safari, na zikiwa chache kila moja inalegea zaidi. Kwako taka 32 nyuma, pungufu kabisa 28.

Tatu, mlima. Gia yako nyepesi kabisa kwenye ile ya kwanza ni 39 mbele na 25 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 1.56, na kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 unasogea karibu mita 3.3. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya chini inayoyahurumia magoti, uko kwenye kilomita 11.8 kwa saa. Tuseme mwinuko ni mita 8 kwa kila mita 100. Kwenda mwendo huo na kilo 100 kunadai zaidi ya wati 250. Mtu mzima mwenye afya asiye mwanamichezo hutoa wati 100 hadi 150 kwa nusu saa, na anaweza kupita hapo kwa dakika chache tu. Maana yake utashuka hadi mizunguko 40, ukisukuma kwa uzito wa mwili wote, na baada ya wiki chache goti litalalamika. Kwenye ile ya pili, 30 kwa 34, mizunguko 60 inakupeleka kilomita 7 kwa saa kwa wati kama 170. Utapanda umekaa, dakika saba, na utafika juu ukiwa na pumzi ya kuongea.

Usidanganywe kwamba utabadilisha gia baadaye kwa bei ndogo. Krenki nyingi za 53 na 39 zenye mikono mitano zina duara la bolti la milimita 130, na meno machache kabisa yanayokaa hapo ni 38. Ili upate 34 unanunua krenki nzima. Nyuma nako, kibadilisha gia chenye mkono mfupi kilichotengenezwa kwa ajili ya 25 mara nyingi kinaishia 27 au 28. Ukifunga 32, gurudumu dogo la juu linasaga meno na mnyororo hautoshi.

Hayo matatu yangetosha, lakini kuna mzigo pia. Kilo 6 mgongoni ukiwa umeinama zinaongeza uzito kwenye viganja na kitako, na shati litalowa hata asubuhi ya baridi. Mzigo ukae kwenye keria. Keria inataka matundu ya bolti za milimita 5: mawili karibu na ekseli ya nyuma na mawili juu chini ya kiti. Fremu za mashindano hazina. Zipo keria za kubana kwenye nguzo ya kiti, ila usithubutu kuifunga kwenye nguzo ya kaboni. Hata ukipata matundu, geuza macho kwenye urefu kati ya krenki na ekseli ya nyuma: baiskeli za mbio zina kama milimita 410, za safari na za mjini 430 hadi 450. Kwa zile fupi, kisigino cha mwenye mguu mkubwa kinagonga mfuko wa pembeni kila unapozungusha. Kompyuta isimame wima ndani ya mfuko, chini yake pawe na sponji ya sentimita 2 isiguse kitako cha mfuko, maana mtikisiko unaoiharibu unatoka chini.

Breki nitazipitia haraka. Za kubana rimu zikitunzwa ni nzuri kwenye ukavu. Kwenye mvua, mzunguko wa kwanza au wa pili wa gurudumu unaishia kufuta maji kabla ya kuanza kushika, na mchanga ulionasa kwenye raba unaisaga rimu yenyewe. Diski haina shida hiyo, na rimu inaishi maisha marefu. Diski za waya zinatosha kwa safari yako, za mafuta zinataka nguvu kidogo ya vidole. Ila usinyunyizie mafuta ya mnyororo karibu na diski hata tone. Pedi zikinyonya mafuta zinapiga kelele na hazishiki tena, na dawa yake ya uhakika ni kununua mpya.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili, chukua ya pili, kwa masharti matatu. Saizi yake iwe yako, ujaribu kwa kuipanda. Foko yake iwe ngumu, kwa sababu foko za springi za bei ndogo zinaongeza uzito mwingi, zinameza nguvu zako mlimani, na zikiingia maji zinakwama. Na iwe na matundu ya keria na madigadi. Ubaya wake mmoja wa kweli ni kwamba usukani mnyoofu una mahali pamoja pa kushika, na baada ya nusu saa kidole kidogo na cha pete vinaweza kufa ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kitako cha kiganja. Funga pembe fupi mwishoni mwa usukani ubadilishe mkao, weka vishikio vyenye kitako kipana, na hakikisha pua ya kiti haijainama chini, maana ikiinama unateleza mbele na kujizuia kwa mikono. Usukani ukiwa mpana kuliko mabega yako kwa kiasi kikubwa, fundi anaupunguza kwa msumeno sentimita 2 au 3 kila upande, baada ya kusogeza breki ndani na kujaribu kwanza.

Kama moyo bado uko kwenye usukani wa kupinda, usiuzime, utafutie baiskeli inayofaa. Zipo za mbio zilizoundwa kwa safari ndefu, na zipo za changarawe ambazo kwa umbo ni ndugu zake. Mwambie muuzaji unataka fremu ya karibu namba 54 yenye sehemu ya mbele iliyoinuliwa, nafasi ya tairi za 32 zikiwa na madigadi au 38 bila madigadi, breki za diski, matundu ya keria, mbele 50 na 34 au pungufu, nyuma mpaka 34. Gia ya 34 kwa 34 inakusogeza mita 2.1 kwa kila mzunguko, na mlima wako inaumudu. Hiyo nitakuunga mkono uinunue, hata kama itakubidi kusubiri miezi michache. Usiuchukue usukani huo kwa ajili ya mwendo peke yake, lakini: faida yake kubwa kwa anayekwenda kila siku ni mikao mitatu ya mikono na kupungua kwa upepo wa mbele siku unapovuma.

Ukiangukia kwenye iliyotumika, kagua kwa mpangilio huu. Igeuze, ufute tope kwenye kiungo cha bomba la chini na kichwa cha fremu, kisha utazame kwa tochi kama kuna ufa au rangi iliyovimba: fremu iliyogonga ukuta huonyesha hapo kwanza. Soma namba ya fremu chini ya krenki, nawe udai stakabadhi ya mauzo. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Kugongagonga kwenye kichwa ni beringi zilizolegea au kuisha. Shika mkono wa krenki uuvute pembeni, usichezecheze. Legeza bolti ya kiti uone kama nguzo inasogea, kwa sababu nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma hugandana kwa kutu na huenda isitoke kamwe. Pitisha ukucha kwenye ubavu wa rimu. Ukihisi bonde, rimu imeliwa na inaweza kupasuka kwa shinikizo la hewa. Mwisho mnyororo: weka rula ya inchi mwanzo wake ukiwa katikati ya pini moja, na pini ya 24 kutoka hapo iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu 1 ya 16 ya inchi, mnyororo umekwisha, na pengine umeshakula meno ya nyuma, ambayo utayaona yamechongoka na kuinama upande mmoja. Punguza bei kwa vyote viwili.

Kabla ya kulipa, azima baiskeli yoyote yenye afya, weka kilo 6 zako, upite njia hiyo siku ya mapumziko kwenda na kurudi, kisha siku nyingine saa ileile ya kazi. Tafuta na njia ya pili inayokwepa barabara kuu. Kilomita moja zaidi ni dakika tatu tu, na magari yanayokupita kwa karibu ndiyo yanayowafanya wengi waache. Muulize mlinzi au msimamizi wa jengo kama kuna stoo au ngazi ya nyuma, kwa sababu kulaza baiskeli ndani kunazidi kufuli lolote.

Tenga karibu robo ya fedha zako kwa vitu vya pembeni: kufuli la chuma la umbo la U linalofunga fremu pamoja na gurudumu la nyuma kwenye chuma kilichosimikwa, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, madigadi, keria na mfuko, tyubu mbili, vishikizo vya kutolea tairi, pampu. Vishikio vya haraka vya magurudumu, vile vya kufungua kwa mkono, vibadilishe kwa bolti za ufunguo wa alen kama baiskeli inavyo. Angalia na pini ya tyubu, pale unapojazia upepo: baiskeli za mbio hutumia nyembamba yenye kinati cha kulegeza, na pampu nyingi za kawaida zinashika ile nene ya gari tu. Adapta ndogo ya shaba inayokaa mfukoni inamaliza kero hiyo.

Baada ya wiki mbili au kilomita 200 hivi, mrudishie fundi. Waya mpya za gia na breki huwa zimenyooka, spoku zimekaa upya na baadhi zimelegea, na bolti za krenki na za keria zinahitaji kukazwa. Akikaza spoku wakati huo, utazuia zile za nyuma zisianze kukatika. Kuanzia hapo, jaza upepo kila wiki kwa tairi ya 38, mara mbili kwa wiki kwa nyembamba, na ufute mnyororo kwa kitambaa kikavu kabla ya kuweka tone moja kwenye kila kiungo, kisha ufute tena mafuta yaliyobaki nje.